Nyeusi Haina Neno

Bi Hadiya alikuwa pale pale, kwenye benchi la kituoni, kikapu cha chakula kati ya miguu yake. Inspekta Rai alimwona tangu getini akatamani ageuke arudi alikotoka. Si kwamba alimchukia mama yule. Alikuwa amechoka, basi. Alikuwa amechoka na benchi lile, na kikapu kile, na joto linaloanza kabla hata watu hawajanywa chai, na likizo aliyoiomba tangu kabla ya Ramadhani, ambayo kila mkubwa aliyeulizwa alisema iko mezani kwa mkubwa mwingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Umeamkaje?"

"Nimeamka," alisema Bi Hadiya, akaishia hapo.

Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Alikuja kutoka Kinondo, akakabidhi chakula cha Waridi kwa askari wa zamu, akaketi. Hakuomba kumwona bintiye hata mara moja. Alingoja chombo kirudishwe kitupu, akakitia kikapuni, akaenda zake. Alikuwa na watoto wawili tu. Idris, wa kiume, alikuwa amezikwa juma lililopita, siku chache kabla ya harusi yake. Waridi, dadake Idris, alikuwa selo kwa kifo hicho hicho.

"Kesho mnampeleka Kwale kwa hakimu?"

"Kesho asubuhi, mama. Muda tuliopewa unakwisha. Atasomewa shtaka la kuua bila kukusudia."

"Na mna hakika?"

Rai alijikuna shingo. Faili lilisema wana hakika. Mdomo wake ulikataa kulisaidia faili.

"Sikiliza, baba," Bi Hadiya alisema, safari hii akamtazama. "Mimi siulizi atafungwa miaka mingapi. Hayo ni yenu na hakimu. Mimi nataka neno moja. Huyu mwanangu ndiye aliyemwua yule mwanangu, au siye? Ikiwa ndiye, nitamsamehe. Kwa taabu, lakini nitamsamehe, nimemzaa mwenyewe. Ikiwa siye, nitaingia humo ndani nimkumbatie. Hivi nilivyo sasa sijui hata nimwangalie kwa jicho gani. Nampikia, nampikia, na kila nikimpikia moyo unaniuliza nampikia nani."

"Leo nitakujibu," Rai alisema, na papo hapo akajilaani. Miaka yote hii kazini na bado alikuwa hajajifunza kufunga mdomo.

Konstebo Caroline alimsubiri mlangoni na funguo za gari. Alikuwa msichana wa bara, aliyehamishiwa pwani mwaka huo, na bado alikuwa na nguvu za kushangaa.

"Afande, mbona umemwambia leo? Si file imeiva? Kesho ni kusoma charge tu."

"Imeiva. Mimi ndiye sijashiba. Nitolee Waridi."

Faili lenyewe halikuwa nene. Pale Kinondo kulikuwa na nyumba ya zamani ya barafu ya wavuvi ambayo Dakta Ubeid, mwenyeji wa huko huko aliyesoma hadi masomo yakamwishia, alikuwa ameigeuza maabara. Kazi yake ilikuwa kuweka umeme wa jua utumike hata usiku. Mchana umeme uliyavunja maji ukatoa gesi ya haidrojeni. Gesi ile ukanyweshwa unga wa magnesi, ambao huifyonza kama sifongo. Usiku unga ukipashwa moto gesi hutoka, ikaendesha majokofu ya samaki. Rai alikuwa ameelezwa hayo mara kadhaa, na kila mara alitikisa kichwa kwa adabu.

Siku ya ajali Idris, aliyekuwa fundi wa mitambo, alifungua kopo la unga mezani. Unga ukashika moto. Mlinzi, Mwinga, alikimbia na ndoo ya maji, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya, na maji yale yakaurusha moto hadi dari. Mwanzo polisi walidhani ni mtungi wa gesi uliovuja. Mtungi ukakutwa mzima. Ndipo Dakta Ubeid akaeleza kwamba Waridi, msagaji wa unga, alikosea: alitia dawa kali ndani ya kopo akamwambia ndugu yake ni ile ya upole. Na Waridi mwenyewe hakubisha. Hilo ndilo lililomkera Rai. Watu wasio na hatia hubisha, na wenye hatia hubisha zaidi. Huyu alinyamaza tu.

Waridi aliletwa, akaketi, akaweka mikono mezani. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwenye ncha. Siku ya kwanza Caroline aliandika kwenye ripoti kwamba mshukiwa ana madoa ya kemikali mikononi, mpaka askari wa zamu, mtu wa Shirazi, alipocheka hadi akakohoa. Ilikuwa hina ya harusi ya Idris.

"Nimeshasema," Waridi alianza kabla ya kuulizwa. "Mimi ndiye niliyemwambia afungue."

"Umelisema hilo kila siku. Leo nataka mengine."

"Hakuna mengine."

"Yapo. Nieleze mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama unayemweleza mtu asiyejua kitu. Mimi ni wa Taru. Kule kwetu nilisomea kuchunga ng'ombe, na hao nao walinipotea."

Tabasamu lilikuja usoni mwa Waridi likaondoka bila kukaa.

"Unga wa magnesi peke yake ni mzito," alisema. "Unakunywa gesi kwa uvivu, na kuitoa tena unataka moto mkali. Kwa hivyo tunausaga kwenye kinu cha gololi. Ni chungu cha chuma, ndani mna gololi za chuma, kinazunguka masaa kwa masaa, gololi zinautwanga unga mpaka unakuwa laini kuliko wanja. Tunakipumzisha kisipate moto, tunakizungusha tena. Na pamoja na unga tunatia dawa. Kidogo tu, kama chumvi kwenye mchuzi."

"Dawa gani?"

"Zipo mbili. Nyeupe ni titaniamu, inatoka ng'ambo. Ile ndiyo inayouamsha unga. Unanywa upesi, unatema upesi, hata moto wa kuutolea gesi unakuwa mdogo. Lakini unga wake mkali. Ukikutana na hewa unawaka wenyewe. Haufunguliwi kokote ila ndani ya sanduku."

"Sanduku lile la kioo lenye glavu ubavuni."

"Ndilo. Ndani hamna hewa, mna gesi ya agoni isiyochochea moto. Dawa ya pili ni nyeusi. Hiyo ni grafiti, ile ya penseli. Kazi yake kuuzuia unga usigande kwenye kuta za kinu, na inaufunika funika. Unga wake mpole. Ukiufungua mezani hauna habari na wewe. Na agoni hatuna ya kuchezea, mtungi mpaka utoke Mombasa. Kwa hivyo wa nyeupe hufunguliwa sandukuni, wa nyeusi hufunguliwa mezani. Ndiyo desturi yetu tangu tuanze. Tunasema, nyeusi haina neno. Idris ndiye aliyelizoesha. Hata akimiminiwa kahawa: nyeusi haina neno, lete."

Alitazama hina ya vidole vyake.

"Siku ile alichungulia mlangoni, mimi namaliza kuosha mikono. Akauliza, kopo hili ni lipi? Nikamwambia nyeusi. Akasema haina neno. Akaenda nalo."

"Na ilikuwa nyeusi?"

"Nilikuwa na hakika."

"Sasa?"

"Sasa sina." Sauti yake ilishuka. "Dakta ndiye anayepima dawa, anazifunga vipakiti vya karatasi, sisi tunapokea. Anasema nilichukua kipakiti cha nyeupe. Anasema jivu lililobaki mezani ni jeupe, nalo ni jeupe kweli, nililiona. Nimelifikiri jambo hili mpaka naota rangi zote mbili. Kulikuwa na shughuli nyumbani, tulikesha kwa hina, nilikuwa na usingizi. Huenda niliona nilichotaka kuona. Mtu amesoma hadi akawa Dakta, mimi ni nani nimwambie jivu ni jeusi?"

"Hakuna kilichokuwa tofauti siku ile? Chochote. Hata kipuuzi."

Alifikiri. "Labda sumaku."

"Sumaku ya nini?"

"Ya kuokotea gololi. Tukimaliza kusaga tunakiingiza chungu sandukuni, tunafungua humo, tunatia sumaku. Gololi zinashika, unga unabaki, tunaumimina kwenye kopo. Sumaku siku zote hutoka safi. Siku ile ilitoka na ndevu."

"Ndevu?"

"Unga umeing'ang'ania, nywele nywele. Nikasema gololi zimezeeka, zinalika, chuma chake kimeingia kwenye unga. Nilikuwa nimekusudia kumwambia Dakta aagize nyingine." Aliinua mabega. "Basi. Ni upuuzi."

Rai aliinuka. Goti lilimlia, akalitukana kimoyomoyo.

"Uliumimina unga sandukuni? Una hakika na hilo?"

"Hilo nina hakika. Hata hina yangu ilivurugika kwa zile glavu."

Njiani kuelekea Kinondo Caroline aliendesha na Rai akafumba macho. Hakulala. Aliwaza juu ya Dakta Ubeid, ambaye tangu maabara ipigwe kufuli na polisi alikuwa amekuja kituoni mara tatu kuomba aingie kidogo achukue vitu vyake. Mara ya kwanza alisema miwani. Mara ya pili alisema chaja. Mara ya tatu alisema vitu vyangu tu, Inspekta, vya kawaida. Na mara zote tatu miwani ilikuwa usoni mwake.

Alikuwa akiwasubiri langoni, shati limepigwa pasi, kofia ya kiua kichwani.

"Ahlan, karibuni, karibuni sana. Poleni na jua. Mwinga, lete viti. Mtakunywa madafu?"

"Tutashukuru baadaye, Dakta. Tuingie kwanza."

Mwinga alikuwa mtu mzima aliyezoea kusimama wima. Siku hizo alisimama akiangalia chini. Alifungua kufuli kwa ufunguo aliopewa na Caroline, akajitenga nao upande wa ndoo zake.

Ndani kulinuka moshi mkavu unaokaba koo. Ukuta ulikuwa umeungua hadi juu. Kwenye meza ya dirishani kulikuwa na jivu jeupe limetapakaa hadi sakafuni.

"Hilo hapo," Dakta Ubeid alisema kwa upole, akalionyesha kwa kiganja kizima. "Mwenyezi Mungu amrehemu kijana wetu. Mnaona wenyewe. Titaniamu ni nyeupe, jivu ni jeupe. Grafiti ingeacha weusi. Mimi Waridi simlaumu, wallahi. Ni binti mwema. Alikuwa na pilikapilika za harusi, akafanya haraka haraka. Hata sanduku sidhani kama alilitumia siku ile. Alimimina tu hapo mezani."

Caroline alikuwa ameinama juu ya jivu. "Lakini Dakta," alisema, "fomu tuu tulichoma ule utepe wa magnesi kwa lab. Jivu lake lilikuwa jeupe tu. Na hatukuwa tumetia dawa yoyote."

Dakta Ubeid alisukuma miwani yake juu ya pua.

"Endelea, Caroline," Rai alisema. "Umeanza vizuri."

"Nasema tu, jivu ya magnesi ni white, hata ungeichanganya na nini. Hii haituambii kitu."

Rai alihisi aibu kidogo, maana jivu lile lilikuwa limekaa kwenye faili juma zima na hakuna aliyeliuliza swali. Alilikubali ndani ya nafsi yake kwamba walikuwa wavivu, yeye wa kwanza. Kisha akaelekea kwenye sanduku la kioo. Glavu zake nene, nyeusi, zilining'inia kwa ndani.

"Ingiza mikono, Caroline. Mpaka mwisho. Sugua vidole halafu utoe."

Caroline aliingiza, akahangaika, akatoa. Kwenye ncha za vidole vyake kulikuwa na chembe kavu za rangi ya kahawia iliyokolea. Akaruka nyuma.

"Ghai! Ni damu?"

Rai alinusa. "Ni hina. Imekauka ikabanduka humo. Dakta, humu ndani nani mwingine alikuwa amepaka hina? Wewe? Mwinga?"

Mwinga aliinua uso mara ya kwanza. Dakta Ubeid alijaribu kucheka.

"Basi huenda alilitumia. Nilisema sidhani, Inspekta, sikusema nina hakika."

"Ndiyo. Mwenye hakika humu alikuwa mmoja tu, na tulikuwa tumemfungia." Rai alivuta kiti akaketi, maana goti lilikuwa limekataa. "Dawa zako zinakaa wapi?"

"Kabatini. Lakini huko ni vitu vya kazi, si lazima..."

"Lifungue."

Kabati lilikuwa na makopo mawili ya plastiki yenye vifuniko. Ndani ya kila moja mlikuwa na vipakiti vya karatasi vilivyokunjwa kwa unadhifu, kazi ya mkono wenye subira. Rai alichukua kipakiti kutoka kopo la kwanza, akakifungua. Unga mweupe. Akakirudisha. Akachukua cha kopo la pili. Unga mweusi.

"Hii ni grafiti."

"Grafiti," alisema Dakta Ubeid. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo, ingawa dirisha lilikuwa wazi.

"Uliipima wewe?"

"Mimi mwenyewe. Dawa hapimi mtu mwingine."

"Caroline, nipe ile sumaku ya kuokotea gololi. Hiyo yenye mpini, iliyotundikwa."

Rai aliifuta sumaku kwa leso yake mpaka ikang'aa, akaishusha taratibu juu ya karatasi. Kabla haijagusa, unga mweusi ulitambaa, ukasimama, ukaruka, ukaishika. Alipoinua mkono, sumaku ilikuwa na ndevu.

Nje jogoo wa Mwinga aliwika wakati usio wake.

"Ni chuma cha gololi," Dakta Ubeid alisema haraka. "Zinalika. Zikizunguka masaa mengi chuma kinachanganyika na unga. Ni jambo linalojulikana, limeandikwa, ninaweza kukuonyesha..."

"Ninaamini limeandikwa. Waridi naye alidhani hivyo hivyo. Lakini kipakiti hiki hakijaingia kinuni, Dakta. Hiki umekipima, umekikunja, umekiweka hapa. Gololi zimekikuta wapi?"

Alichovya kidole kwenye unga, akausugua kwenye pembe ya karatasi. Ulikwaruza, ukaacha alama hafifu ya kijivu, ukapukutika. Akamwomba Caroline penseli yake, akachora mstari kando yake, mweusi, unaoteleza.

"Grafiti inaandika. Hii inakwaruza. Hii ni mchanga." Sauti yake haikupanda. Hakuwa na nguvu za kuipandisha. "Nimefanya kazi Kwale hii muda mrefu, Dakta. Mchanga mweusi wa titaniamu naujua, umenijaa viatuni. Watoto wa huku huuchezea kwa sumaku za spika mbovu. Umeusaga ukawa laini, ukaufunga vipakiti, ukautia kwenye kopo la nyeusi."

Dakta Ubeid alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Alionekana mzee ghafla, na Rai hakufurahi kuliona hilo.

"Unajua dawa nyeupe inatoka wapi?" alisema hatimaye. "Inavuka bahari, inakaa bandarini, inafika hapa ikiwa ni ya thamani ya dhahabu. Na sisi tunaikanyaga. Titaniamu tunaikanyaga kila siku, Inspekta, iko chini ya minazi ya babu zetu. Nilitaka kujua kama mchanga wetu, kama ulivyo, mweusi hivyo hivyo, unaweza kuuamsha unga. Na unaweza. Wallahi unaweza, pengine kushinda hata nyeupe."

"Nimeona," Rai alisema, akatazama ukuta ulioungua.

Dakta Ubeid aliinamisha kichwa.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Ndivyo inavyofanywa. Anayepima matokeo akijua dawa ni ipi, mkono wake hupendelea. Nilitaka wapime bila kujua, kisha nilinganishe. Ni utaratibu wa heshima. Popote duniani hufanywa hivyo."

"Na desturi yao ya nyeusi, uliijua?"

"Niliijua."

"Nyeusi haina neno. Ulikuwa ukiwasikia?"

"Kila siku. Hata mimi nilikuwa nikisema." Kofia ilikuwa imekunjwa hadi haina umbo. "Nilifikiri juu ya vipimo. Nilifikiri juu ya mizani, na masaa ya kusaga, na moto. Rangi sikuifikiri. Unaweza kuamini? Rangi, kitu ambacho kila mtu anakiona. Sikuifikiri mpaka niliposikia kelele."

"Ninaamini," Rai alisema, na aliamini kweli. "Hilo lilikuwa kosa. Watu hukosea. Mimi nataka kujua la baada ya hapo. Idris amekufa. Wewe unajua kwa nini. Ikawaje dadake akaingia selo?"

"Nilikuwa nimesimama hospitalini. Mama yake akanijia, akanishika mkono, akasema, Dakta, wewe umesoma, niambie, mwanangu amefikwa na nini? Nami nikasema... nikasema Waridi amechanganya dawa. Sikupanga, Inspekta. Ulimi ulitangulia. Na lilipokwisha kutoka, halikurudishika tena."

"Lilirudishika. Kila asubuhi lilirudishika. Mama yule hukaa kwenye benchi langu toka jua linapochomoza, na wewe ulikuja mara tatu ukampita ukiulizia miwani."

Dakta Ubeid alianza kulia, bila sauti, kama watu wenye adabu wanavyolia mbele ya wageni. Huko nyuma mlangoni Mwinga aliuliza, si kwa ukali, swali ambalo bila shaka alilala nalo kila siku: "Kwa hivyo si maji yangu?"

"Maji yaliongeza, mzee Mwinga," Rai alisema. "Sitakudanganya. Lakini hukuambiwa. Humu hakuna aliyeambiwa kitu."

Mwinga aliitikia kwa kichwa, akatoka nje kwa kuku wake.

Yaliyobaki yalikuwa kazi, na kazi Rai aliifanya kama mtu anayefua nguo za watu wengine. Alimweleza Dakta Ubeid haki zake. Caroline alivitia vipakiti vyote kwenye mifuko, akavifunga, akatia sahihi, akatia glavu na sumaku. Dakta aliomba aswali adhuhuri kabla ya kupanda gari, akaruhusiwa, wakamsubiri kivulini.

"Afande," alisema Caroline, "ingekuwa kesho, huyo dada angekubali mbele ya hakimu, si ndiyo? Angesema ni yeye."

"Angesema."

"Na tungeenda lunch."

"Tungekwenda," alisema Rai. "Nenda kamwangalie Dakta asitoroke na jamvi."

Walipofika kituoni chombo kilikuwa kimekwisha kurudishwa, na bado Bi Hadiya hakuwa ameondoka. Alimwona Dakta Ubeid akishushwa katikati ya askari wawili. Dakta naye alimwona. Alisimama, akataka kusema neno, na Bi Hadiya akageuza uso, akamtazama Rai badala yake. Hakuuliza. Alikuwa ameshauliza asubuhi.

"Siye," Rai alisema.

Bi Hadiya aliinuka, akashika ukuta, akauachia, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa ndani ambao hakuwahi kuukaribia. Askari wa zamu alitaka kumwuliza anakwenda wapi. Rai alimkatia jicho. Kikapu kilibaki chini ya benchi, na Rai akakiokota akamfuata nacho.

Waridi alikuwa ameketi sakafuni. Alimwona mamake, akajikunyata, akauficha mkono wenye hina chini ya buibui. Rai alimweleza akiwa amesimama mlangoni, kwa maneno machache, kwa sababu machache ndiyo aliyokuwa nayo: mchanga, kopo la nyeusi, vipakiti, Dakta. Alimwambia kesho haendi Kwale. Alimwambia anaweza kurudi nyumbani leo, mara tu karatasi zikitiwa sahihi.

Waridi alisikiliza yote hayo kama mtu anayesimuliwa habari za jirani. Hakuuliza karatasi ni zipi. Hakumwuliza Dakta yuko wapi.

"Ilikuwa nyeusi?" alisema.

"Ilikuwa nyeusi. Uliona sawasawa."

"Idris aliniuliza ni ipi. Nikamwambia nyeusi."

"Na ilikuwa nyeusi, dada."

"Basi sikumwambia uongo," Waridi alisema. Alimgeukia mamake. "Mama, sikumwambia uongo."

Bi Hadiya alipiga magoti pale kwenye saruji, akamvuta, na Waridi akamlilia kaka yake kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu azikwe.